Poti 23 Iko Wazi, Fundi Amelala Usingizi

Juzi niliitwa dukani kwa mzee mmoja Kariakoo. Intaneti nzito, hata mashine ya risiti inagoma. Nikaskani mtandao, na kwenye boksi la kamera nikaikuta poti 23, mlango wa namba wa kuingilia kifaa mtandaoni (ukiniletea tafsiri ya "bandari" tutagombana) imeachwa wazi. Telnet, njia ya kale ya kukiendesha kifaa ukiwa mbali, isiyoficha chochote. Zama hizi! Tena ruta imepangwa kuipitisha hadi nje, kila mwenye nia abishe hodi. Nikampigia fundi aliyeifunga. "Kaka, niliacha hivyo ili kukitokea tatizo niingie nikiwa nyumbani." Ahsante kaka, umewarahisishia na wezi.

Mzee hakuelewa kelele zangu zinatoka wapi, basi nikawasha Wireshark, programu ya kuchungulia yanayopita mtandaoni, kwenye laptopu, nikaingia kwenye boksi lake kwa Telnet, nikamwambia asome mwenyewe. Jina likatokea "aaddmmiinn", maana kila herufi unayobonyeza boksi linakurudishia. Nywila hairudishwi, kwa hiyo ikajiandika mara moja tu, haina hata kitambaa cha kujisitiri: 123456. Mzee akavua miwani. "Yaani yeyote aliye njiani anaisoma?" Anaisoma, mzee wangu, kama karatasi uliyompa kondakta apeleke Moro bila bahasha.

Na dawa si ya jana. Mwaka 1995 nywila zilinaswa hivihivi kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH, ya kazi ileile ya Telnet ila inaficha kila kinachopita. Akaomba poti 22 kwa kuwa ilikuwa tupu, katikati ya FTP ya kuhamisha mafaili kwenye 21 na Telnet kwenye 23. Mlango wa jirani kabisa, na bado watu hawajahama! Mwaka 2016 Mirai, programu hasidi ya kuteka vifaa, ikapita ikigonga 23 na 2323, mkononi ina jozi kama 60 tu za majina na nywila za kiwandani. Ilizoa kamera za kutosha kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikawapotea watu.

Haya, nakiri: nikitaka kujua kama seva ya barua pepe inaitika kwenye poti 25, hata mimi huandika telnet. Ni kupima tu, sitii nywila yangu humo. Na wewe uliyeihamishia SSH kwenye 2222 ukadhani umejificha, zamu yako inakuja.

Nikaifunga 23, nikabadili nywila. Sijafika hata kituoni, meseji ya fundi ikaingia: "Kaka mbona siingii tena?"