Mgombea, njoo na karatasi ya mapato na matumizi

Katika kampeni za kijiji, mgombea akitaka makofi ya haraka huahidi kufuta ushuru. Makofi yakitulia, anaahidi kisima, zahanati na barabara inayopitika masika. Anashangiliwa tena, na mkutano unafungwa bila mtu kunyoosha mkono kuuliza kisima kitachimbwa kwa fedha ipi ikiwa ushuru wenyewe umeshafutwa. Nimechoka kusikia mambo haya mawili yakijadiliwa kama majirani wasiosalimiana. Kodi na matumizi ni hesabu moja.

Ninachokitaka mkutanoni ni karatasi yenye safu tatu: tulikadiria kukusanya kiasi gani mwaka uliopita, tulikusanya kiasi gani kweli, na kilitumika wapi. Safu ya kwanza peke yake haitusaidii. Kila uongozi unaweza kuandika makadirio ya kupendeza.

Tuseme kijiji kilikadiria mia, kikakusanya sitini. Ile arobaini iliyopungua haikatwi sawasawa kwenye kila fungu. Posho za vikao zitalipwa, kwa sababu waliokaa kikaoni wanadai na wanajua pa kudai. Shajala za ofisi zitanunuliwa. Kinachosubiri ni kalavati lililobomoka na paa la darasa linalovuja, maana kalavati halina mdomo. Hivyo bajeti inaweza kuwa na fungu zuri kabisa la barabara, mwaka ukaisha barabara haijaguswa, na hakuna senti iliyoibwa. Wizi upo, sikatai. Ila tukiwa tunatafuta wezi tu, makadirio hewa yatatupita mbele ya macho kila mwaka.

Kwenye karatasi hiyo liongezwe na deni. Fundi aliyejenga na hajalipwa atakuja kumdai mwenyekiti mpya, na kura za mwenyekiti huyo hazitamlipa fundi.

Sisemi watu wakubali kila tozo. Chukueni kodi ya kichwa: iliingizwa na wakoloni, ikaendelea baada ya uhuru kwa majina mbalimbali, na watu waliichukia kwa sababu za haki, pamoja na jinsi ilivyokusanywa kwa vitisho. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, na Uganda ikasitisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005. Sitamani irudi. Lakini kilichofuata kinafaa kukumbukwa: halmashauri zilipoteza chanzo muhimu cha mapato ya ndani, zikaegemea zaidi ruzuku ya serikali kuu. Ruzuku huja na maelekezo yake. Ninyi mnaweza kuwa mnahitaji kisima, fedha ikaja imeandikwa darasa. Mgombea anayefuta ushuru wa kijiji bila kuonyesha mbadala anapunguza pia kile ambacho mkutano wa kijiji unaweza kukiamua wenyewe.

Na tujadili nani analipa. Mfanyabiashara mdogo anayepanga bidhaa chini hufikiwa kila siku, kwa kuwa yuko palepale na mkusanyaji anamwona. Mwenye majengo ya kupangisha haonekani kirahisi, na wakati mwingine ni rafiki wa wakubwa. Hapo ndipo ningependa wagombea wabishane hadi jua lizame: si kama kodi iwepo, bali mzigo umkalie nani, na kila anayelipa apewe risiti.

Wapo wanaosema wanakijiji hawawezi kufuatilia mahesabu. Sikubali hata kidogo. Uchunguzi uliofanyika Uganda ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya mahitaji yasiyo mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika taarifa za fedha zilizopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya ruzuku ilikuwa inafika. Watafiti wamebishana kuhusu uzito wa matangazo yale, kwa sababu mageuzi mengine nayo yalikuwa yakiendelea. Kwangu inatosha kwamba mzazi alikuwa na namba mkononi ya kuulizia. Mtu anayeendesha nyumba kwa kipato kisichotabirika anajua kusoma safu tatu kuliko wengi walio ofisini.

Kwa hiyo karatasi ibandikwe ukutani wiki mbili kabla ya kura, kwa maandishi makubwa, na isomwe kwa sauti kwa wasioweza kuisoma. Kisha kila mgombea ajibu akiwa amesimama mbele ya karatasi hiyo. Akisema atapunguza ushuru, aweke kidole kwenye fungu atakalolikata na ataje nani atakosa. Akisema atajenga, aonyeshe chanzo, na aseme mlinzi na matengenezo vitalipwa na nani mwaka wa pili. Nitamuuliza hivyo kila mmoja wao, hata yule ambaye moyoni nimeshampa kura.