Metro ya kwanza Afrika si ya Addis Ababa
Kuna makala inayosema kuwa Addis Ababa, ilipozindua treni zake za umeme mwaka 2015, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika kuwa na metro, ilhali Cairo ilikwisha kufungua yake Septemba 1987. Ya Addis ni reli nyepesi, yaani ya treni ndogo kuliko za metro, tena sehemu kubwa hupita juu ya ardhi na madarajani. Ya Cairo ilianza kwa njia ambayo wapangaji wetu wa miji wangefaa kuitazama: reli mbili kongwe za vitongoji, ya Helwan kusini na ya El Marg kaskazini, ziliunganishwa kwa handaki fupi chini ya katikati ya jiji, badala ya kujenga kila kitu upya. Nilisoma Cairo nikazipanda treni hizo karibu kila siku. Tikiti ya karatasi ya manjano uliitumbukiza kwenye kizuizi cha kuingilia, ukaiokota upande wa pili, na ole wako ukiipoteza, maana bila hiyo hutoki kituoni. (Mabehewa ya katikati ni ya wanawake, jambo ambalo mgeni hulijua akishakodolewa macho.) Je, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) na Reli ya Kati, ambazo zimebeba treni za abiria wa Dar es Salaam tangu 2012, haziwezi kuunganishwa hivyo?