Yaandike Kabla Hujalala

Mama yangu alikuwa na kawaida ya kuandika nyuma ya kalenda. Mwezi ukiisha anachana ukurasa, anaugeuza, na ule upande mweupe unakuwa wake. Nilipokuja kuzipanga karatasi hizo nikiwa mtu mzima, nilitegemea kukuta hesabu za matumizi ya nyumbani. Nikakuta hivi: "Jirani karudisha ngazi. Kipandio kimoja kimevunjika. Hakusema, nami sikuuliza." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Mtoto kasema mvua imelala."

Mtoto mwenyewe ni mimi. Siku hiyo sina hata chembe yake kichwani.

Wala nisingeweza kuwa nayo. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Kila tulichosema na kufanya miaka ile kiko mikononi mwa waliotulea, nao wana kazi, wana uchovu, na usingizi unawasubiri. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya alichokariri ilimtoka ndani ya siku ya kwanza. Maneno ya mtoto yana maana kuliko silabi zile, lakini nayo hayakai. Jana asubuhi kasema kitu tukacheka wote mezani. Leo tunaulizana, "Hivi alisemaje vile?" Kicheko tunakikumbuka, maneno yamekwenda.

Makubwa yana watunzaji wake. Harusi ina picha, kuzaliwa kuna cheti, shule ina ripoti. Haya madogo hayana mwenyewe, na ndiyo yanayojaza karibu siku zetu zote. Picha za simu nazipenda, ninazo maelfu. Ila picha haikuambii aliyeshika simu alikuwa anacheka nini, wala nani alikuwa jikoni akiita watu waje.

Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alipopata mtoto wake wa kwanza, William, Desemba 1839, alianza kuandika kila alichokiona: chafya, kwikwi, miayo. Siku ya saba alimgusa unyayo kwa kipande cha karatasi, mtoto akauvuta mguu wake. Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1877, miaka 37 baada ya kuyaanza. Wanasayansi wanayathamini, na wana haki. Mimi kinachonigusa zaidi ni kurasa chache alizoandika Aprili 1851, wiki moja baada ya binti yake Annie kufariki akiwa na miaka 10. Alieleza kwamba anaandika ili miaka ya mbele zimrudishie mtoto alivyokuwa. Humo hamna tukio kubwa. Kuna binti ambaye alikuwa radhi kukaa nusu saa nzima akizitengeneza nywele za baba yake ili apendeze. Kila nikifika hapo nasimama kwanza.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, uandike. Mstari mmoja unatosha, ilimradi uwe wa siku ileile. Maneno ya mtoto yaache kama alivyoyatamka. Ukiyanyoosha umeandika ya kwako. Weka tarehe pia. Mama hakuweka, lakini kalenda ilimsaidia, kwani mbele ya ukurasa mwezi na mwaka vipo. Na usichague mazuri peke yake. Andika kwamba mmenuniana kwa sababu ya taa iliyoachwa ikiwaka usiku kucha. Andika alivyoamka baba na kuzunguka nyumba akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Tunawaandika watoto kwa sababu wanabadilika mbele ya macho yetu, tunawasahau wazee, na wao ndio watakaotutoka mapema. Ile ngazi ya jirani imenifundisha kuhusu mama yangu kitu ambacho hakuwahi kunieleza kwa mdomo.

Jana usiku nilikuwa nimeshazima taa. Nikaiwasha tena, nikapapasa kalamu, nikaandika: "Mdogo kafunga kamba za kiatu mwenyewe. Cha kushoto tu. Cha kulia kakataa kusaidiwa, katoka nacho kamba zinaburuzika."