Watazamaji elfu ngapi, magunia mangapi?

Kuna ubishi umekua sana hapa Mbeya kwa sisi tunaouza vitu kwa simu, ukikaa na vijana wa Mwanjelwa au Kabwe lazima uibuke. Upande mmoja wanasema bila kusoma takwimu za ukurasa wako na bila mbinu za kuchangamsha posti hutoki, utaposti mpaka bando likate na watakaoona ni wale wale, binamu zako na watu wa kwaya. Upande wa pili, na hawa wengi ni watu wazima wenye maduka ya miaka mingi, wanasema huo ni kupoteza muda, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, mwenye mchele mzuri hana haja ya kucheza mbele ya kamera. Mimi namsaidia dada yangu anayeuza mchele, mwaka umeshapita sasa, nimejaribu karibu kila kinachosemwa, na nimeona hela na muda vinavyopotea kwa kushika upande mmoja tu bila kufikiri.

Nianze na hao wa kizuri chajiuza. Ile methali ilikuwa kweli pale mteja alipokuwa anakuja mwenyewe anaingiza mkono kwenye gunia, anachota, anapuliza, ananusa, anatafuna punje mbili. Kwenye simu hamna harufu. Mtu wa Tunduma au Chunya akifungua simu anaona picha kumi za mchele mweupe na zote zimeandikwa mchele wa Kyela, hata ule uliochanganywa na Saro (aina nyingine ya mchele), sasa huo mzuri utajiuzaje na umekaa kwenye picha inayofanana na mbaya? Kwa hiyo hapo nawaheshimu wakubwa lakini siwafuati.

Halafu ukiangalia vizuri hata zamani takwimu zilikuwepo, tulikuwa hatuziiti takwimu tu. Nenda kamwangalie mnadi wa mitumba pale Mwanjelwa amepanda juu ya meza anaimba bei. Anaimba lakini macho yake hayapo kwenye wimbo, yanaangalia mikono. Anamwona nani kasimama, nani kacheka akapita, nani kashika shati akaliangalia kwenye kola, na akiona mashati ya mistari ndo yanashikwa anayavuta mbele na kubadilisha maneno hapo hapo. Anayeuza mtandaoni hizo sura hazioni. Amepanda mezani na kafungwa kitambaa machoni. Zile namba ndo zinafungua kitambaa kidogo, na mimi mtu akiniambia haziangalii kabisa namshangaa kama ningemshangaa mnadi anayeuza huku kageukia ukuta.

Na siyo lazima ulipie kitu. Ukurasa wa Facebook na akaunti ya Instagram ya biashara zina takwimu zake bure ndani ya programu yao ya Meta Business Suite, TikTok nayo ina yake, na WhatsApp Business ambayo ilitoka mwaka 2018 inakuonyesha ujumbe uliotumwa, uliofika na uliosomwa. Hata status ya kawaida ya WhatsApp ni chombo kikubwa kuliko watu wanavyodhani, maana ndani ya yale masaa 24 unaona majina ya waliotazama (isipokuwa wale waliozima alama za kusoma) na ukiona mama fulani wa Uyole ameangalia picha ya mchele siku tatu mfululizo hajasema kitu, huyo ni kama kashika shati, unamsalimia tu unamuuliza kama bado ana mchele ndani.

Lakini kuzisoma hizo namba kuna mitego na hii sehemu watu wanaipita haraka mno. Mfano saa. Instagram inakuonyesha wafuasi wako wanakuwa hewani saa ngapi, imeandikwa 6p, 9p, sasa dada yangu aliona 6p kwa wiki mbili akawa anaposti saa sita mchana, kumbe ile ni saa kumi na mbili jioni kwetu, watu wamefunga vibanda wako kwenye daladala wanashika simu. Wiki mbili nzima alikuwa anaongea na soko lenye kazi nyingi na akasema takwimu ni uongo. Hazikuwa uongo, zinahesabu kwa saa ya kizungu na hakuna aliyemwambia.

Mtego mwingine ni mahali. Tovuti na vifaa vinavyokadiria eneo la mtu kwa anwani yake ya intaneti vinaweza kumwonyesha mtu wa Vwawa au Makambako yuko Dar es Salaam kwa sababu laini yake ya simu inatokea kwenye mitambo ya kampuni iliyoko huko. Mtu akiona hivyo anaanza kutengeneza matangazo ya Dar wakati wateja wake wako mikoa ya jirani tu. Na mtego wa tatu ni udogo wenyewe, ukurasa wenye watu mia nne leo laiki 12 kesho 18 hiyo siyo habari, inawezekana jana Simba na Yanga walikuwa wanacheza au mvua ilikata umeme mtaa mzima. Nimeona mtu kabadilisha rangi, jina na bidhaa kwa sababu ya posti moja iliyolala usiku wa mechi. Ukitaka kujua kitu kweli badilisha kimoja tu, picha ile ile maneno tofauti, rudia wiki kadhaa ndo useme.

Sasa njoo kwenye mbinu, hapo ndo ubishi wenyewe ulipo. Kulikuwa na semina moja ya vijana wajasiriamali hapa mjini, tukaambiwa posti rili (zile video fupi) tatu kwa siku, chukua sauti inayovuma, malizia kila posti na "andika NDIYO kama unapenda wali", mtagi rafiki watano. Tukafanya. Tukamrekodi dada anacheza kati ya magunia na ule wimbo uliokuwa unavuma wakati ule, na kwa kweli video ilikimbia, hatujawahi kuona namba kama ile, simu ililia usiku kucha. Asubuhi nikakaa kusoma komenti moja moja. Wengi waliuliza wimbo unaitwaje. Wengine wakaongelea mwili wa dada kwa maneno ambayo shemeji aliyasoma na nyumbani hakukuwa na raha siku mbili. Aliyeuliza bei na kumaanisha alikuwa mmoja, yuko Mwanza, na nauli ya gunia mpaka huko ilimshinda.

Wiki iliyofuata nikaweka kitu kinachochosha kabisa machoni pa vijana wa semina, dada kakaa na ungo anaonyesha jinsi ya kutambua mchele uliochanganywa, anatenga punje, anaeleza uupike kidogo kwanza usikie harufu. Watazamaji wachache, laiki za kuhesabu kwa vidole. Ila ukienda ndani kwenye takwimu unakuta watu wameihifadhi na wametumiana, na kutumiana maana yake dada mmoja Mafinga kamtumia mama mkwe wake. Simu zilizopigwa kutokana na ile video ziliendelea zaidi ya mwezi. Yaani kwenye namba kubwa inayokaa juu ya ukurasa video ya kucheza ilishinda mbali kabisa, na kwenye magunia yaliyotoka stoo ilishindwa vibaya.

Hapa ndo nawauliza vijana wa upande wa takwimu, namba inayokaa juu iliwekwa pale na nani na kwa faida ya nani? Kampuni za mitandao zinauza matangazo, zinachotaka ni mtu akae ndani. Mwaka 2012 YouTube waliacha kutegemea idadi ya waliobonyeza wakahamia kwenye muda wa kutazama, kwa sababu watu walikuwa wanavutia mbonyezo kwa picha za kudanganya zinazowekwa juu ya video. Facebook kuanzia 2017 alama za hisia zikapewa uzito mara tano ya laiki ya kawaida, hasira nayo ikiwemo, halafu watafiti wao wenyewe wakaona posti zinazovuta hasira zinabeba uongo na matusi zaidi, wakawa wanapunguza mpaka hasira ikafika sifuri mwaka 2020. Desemba 2017 hao hao walitangaza kuzishusha posti za chambo, zile za kuomba laiki, komenti, shea, tagi na kura, yaani ile "andika NDIYO" tuliyofundishwa kama siri ya mafanikio imeshakuwa kosa miaka yote hiyo. Na hata kipimo chenyewe kinaweza kuwa kibovu, mwaka 2016 Facebook walikiri kwamba kwa karibu miaka miwili walizidisha wastani wa muda ambao watu wanatazama video, maana walikuwa hawawahesabu waliotazama chini ya sekunde 3, na kesi ya watangazaji Marekani ikaja kumalizwa kwa dola milioni 40 mwaka 2019. Hao walikuwa na wanasheria. Muuza viazi wa Njombe aliyebusti posti, yaani aliyelipia isambazwe, kwa hela ya mbolea atamdai nani?

Kununua wafuasi sitalisemea sana, ni kujaza kanisa kwa sanamu, sadaka utahesabu mwenyewe.

Ila kuna jambo linaniuma kuliko mchele. Kurasa za habari za huku kwetu. Ajali ikitokea Kitonga au mteremko wa Iwambi, kabla majeruhi hajafika hospitali picha yake iko mtandaoni, damu na kila kitu, na mama yake Rungwe anaiona kwenye simu ya jirani kabla hajapigiwa na mtu yeyote. Niliwahi kuongea na kijana mmoja anayeendesha ukurasa wa namna hiyo, siyo mtu mbaya, ana heshima zake, akanifungulia takwimu kwenye simu akanionyesha, posti ya bei ya mahindi chini, posti ya ajali juu kabisa, akasema "kaka, mimi nafuata wanachotaka watu". Nimelifikiria sana hilo neno. Watu wakisikia kishindo barabarani lazima wageuke, hata mimi ningegeuka, lakini kugeuka na kutaka ni vitu viwili na ile chati haina uwezo wa kuvitenganisha, inahesabu shingo zilizogeuka basi. Yule anayeangalia picha kwa hofu kama ndugu yake yumo kwenye basi anahesabiwa sawa na anayefurahia. Kwa hiyo ukisema nafuata takwimu hapo umezipa kazi ya dhamiri, na hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Nilimwambia hivyo, hakunijibu, ila wiki ile ile aliposti ajali nyingine kwa maandishi bila picha za watu, sijui kama ataendelea.

Wapo watakaosema basi bora kuachana na mbinu zote, na mimi hapo nakataa tena, kwa sababu zipo mbinu ambazo ni adabu tu. Kuanza posti na "kamwene", salamu ya Kihehe na Kibena, kuliwaleta watu wa Iringa na Njombe wakajibu kwa furaha na wengine wakabaki kuwa wateja, kumalizia na "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kunawafanya Watukuyu wacheke na kuandika. Kuandika bei waziwazi badala ya "njoo inboksi" kumepunguza maswali na kuongeza simu za kweli. Kurekodi mchana karibu na mlango badala ya ndani ya stoo yenye giza. Kujibu komenti mapema. Hizi nilizijua kwa kuangalia namba, zingine nisingezidhania kamwe.

Na kuna kifaa kimoja nakipenda kuliko vyote na hakihitaji chati. Ile linki ya wa.me, unaweka namba yako ikianza na 255 bila ile sifuri ya mbele, mteja akibonyeza anatua moja kwa moja kwenye WhatsApp yako, na mwishoni mwa linki unaweza kuongeza maneno yakatokea yenyewe anapotaka kuandika. Sisi tumeweka maneno tofauti kila sehemu, ya Instagram inasema "nimeona ungo", ya Facebook inasema "nataka gunia", kwa hiyo ujumbe ukiingia tu dada anajua mtu katokea wapi. Anayepiga simu anaulizwa, mama umetuonea wapi, jibu linaandikwa kwenye daftari pembeni ya kilo alizochukua.

Jumamosi tulikaa na hilo daftari, miezi mitatu ya mwisho. Mstari baada ya mstari, status, status, video ya ungo, halafu "nimeambiwa na jirani", "nimekula kwenye msiba Ilomba nikauliza", "shemeji yako alinielekeza". Hao wa mwisho hawapo kwenye takwimu yoyote ya simu na ndo wamechukua magunia mengi kuliko wote. Dada akaniuliza kama tuendelee na rili tatu kwa siku. Tumekubaliana mbili kwa wiki, ya ungo irudiwe mavuno mapya yakiingia, na bando linalobaki ampigie kila aliyechukua gunia amuulize wali ulikuwaje.