Ni kweli nimefuta sendofu ya binti wa bosi, lakini nisikilizeni kwanza

Kwa vile mtani wangu ameshalirusha kwenye magrupu matatu, na toleo lake lina chumvi ya kutosha kukaushia papa mzima, acha niliseme mwenyewe. Kwa maelezo yake, Mpare, yaani mimi, aliona video ya sendofu ya binti wa bosi imekaa tu kwenye diski inakula nafasi bure, roho ikamuuma, akaibana matumizi. Mchaga huyu! Kufuta nimefuta, sibishi. Ila ubahili hauhusiki kabisa. Kilichoniponza ni semafori.

Msikimbie. Wale msioandika programu nitawabeba mgongoni, mwendo si mrefu.

Ofisini kwetu tunatengeneza mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani. Na mnajua Desemba ilivyo: Wachaga wote wanarudi Moshi kwa mpigo, siti moja inagombewa na mawakala wanne ndani ya sekunde moja. Nikapewa kazi ya kuandika, kwa lugha ya C, kipande cha kuhakikisha siti namba 14 haiuzwi kwa watu wawili wakaja kupigana ngumi ndani ya basi. Ndipo semafori zinapoingia.

Chukulia nyumba ya kupanga yenye choo kimoja na kufuli. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari uani. Anayeuchukua anaingia, wengine wanasubiri na makopo yao mkononi. Akiurudisha, anaingia anayefuata. Hiyo ndiyo semafori. Seti ya semafori ni ubao wenye misumari mingi. Wangu ulikuwa na tisa, kila basi na ufunguo wake. Kwa semget unaomba ubao, kwa semop prosesi (programu zinazokimbia) zinachukua ufunguo na kuurudisha, halafu semctl ndiyo mjumbe wa nyumba kumi, mambo yote ya ubao yanapita kwake. Ukimwambia SETVAL anatundika funguo za kuanzia. Ukimwambia GETNCNT anakuhesabia waliopanga foleni. Ukimwambia IPC_RMID anaung'oa ubao mzima ukutani, na waliokuwa wanasubiri anawaamsha na kuwaambia hakuna tena choo. (Na semctl huyohuyo anadai umletee yuniani, aina ya chombo cha data cha lugha ya C, inayoitwa semun, ambayo mfumo haukupi, unaitangaza wewe mwenyewe kwenye programu yako. Yaani unaalikwa harusini unaambiwa njoo na kiti. Lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.)

Sasa ubaya wa ubao huu ni kwamba ukuta si wako. Umetundikwa kwa mwenye nyumba, yaani keneli, moyo wa mfumo unaoendesha mashine. Wewe ukihama, ukifa, ukizimia, ubao unabaki palepale mpaka mtu aung'oe au mashine izimwe. Hilo nililisoma, na IPC_RMID niliiweka, mstari wa mwisho kabisa wa programu, kama kijana aliyelelewa vizuri. Kasoro ni kwamba programu yangu ilikuwa inaganda kila saa, na kila ikiganda naiua kwa Ctrl+C. Wiki mbili mfululizo. Huo mstari wa mwisho haukuwahi kumwona mtu akiufikia.

Jana saa nane mchana nikaiwasha tena. Ikanijibu:

semget: No space left on device

Kwa Kiswahili chetu: kifaa hakina nafasi. Wewe unayecheka hapo nyuma, hebu niambie ungeelewaje? Simu yako ikikuandikia hivyo si unakwenda kufuta video za WhatsApp? Nami nikaenda kufuta video. Mbona hapo hamnisemi?

Nikapekua seva yote, ile kompyuta kuu ya ofisi, nikitafuta faili lenye mwili mkubwa. Nikamkuta. Folda inaitwa SENDOFF_FINAL, GB 41, bosi aliipakia mwenyewe kwa sababu seva ndiyo mashine pekee ofisini yenye diski ya maana. Faili zilikuwa za bosi, akaunti yangu ikanyimwa. Nikafungua dirisha jingine nikaingia kama root, mkuu wa mashine, asiyenyimwa kitu. Hapo kwenye root pawekeeni alama.

Swali la haki: kwa nini sikuuliza? Kwa sababu wiki iliyopita nilimwona bosi akimwonyesha dada wa mapokezi vipande vya hiyo sendofu kwenye simu. Nikajiambia, nakala ipo. Kumbe simuni kulikuwa na sekunde ishirini na nane za keki.

Basi. Nikaandika rm, amri ya kufuta, nafasi, kistari, r, nafasi. Nikaandika S na E, nikabonyeza Tab, jina likajimalizia lenyewe mpaka mwisho, kama vile mashine nayo inanisukuma. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, to, to. Dada wa mapokezi anamenya embe. Kidole kiko juu ya Enter, na nakumbuka kabisa moyoni nilisema "samahani bibi harusi", kwa utani, nikacheka peke yangu. Nikabonyeza. GB 41 za vigelegele, mjomba akitoa mbuzi, shangazi akilia, na MC wa laki tano viliondoka ndani ya muda wa mtu kupiga chafya. Haikuuliza una uhakika. Root haulizwi.

Nikarudi kwenye dirisha langu nikiwa mwepesi. Nikamwita mtani aje aone. Kosa jingine hilo, shahidi nilimwita mwenyewe. Na ile anavuta kiti, bosi naye anatokea na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Kijana, imekubali?"

"Shikamoo mzee. Inakubali sasa hivi. Kulikuwa na takataka kwenye diski, nimeziondoa."

Takataka. Kinywa hiki hapa. Niliitamka mbele ya baba wa bibi harusi, kwa sauti ya mtu anayesubiri kupongezwa.

Nikabonyeza Enter, nikainua kikombe changu kama vile sina habari na kioo.

semget: No space left on device

Herufi kwa herufi. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, maana wote tunaamini kitufe kinasikia maumivu. Ileile. Mara ya tatu ileile. Masikio yakaanza kupata moto kwa chini, yakapanda taratibu.

Mtani hakusema kitu. Akajinyoosha akavuta kibodi, na kwa kidole kimoja, kidole kimoja jamani, mtu anayeandika kwa vidole kumi, akaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Ikatokea orodha. Akaiweka kucha yake juu ya kioo, kwenye safu ya nafasi iliyobaki. GB 351.

"Mpare," akasema polepole, "kabla ya kuondoa takataka ulikuwa na ngapi?"

Nikatoa kichwani. 351 toa 41. Sijawahi kufanya hesabu nyepesi iliyoniuma vile. Diski ilikuwa na GB 310 tupu. Haikuwahi kujaa, wala haikuwa na mpango wa kujaa.

Na bosi, bado na kikombe, akauliza kwa upole ambao sitausahau: "Takataka gani?"

Hapa ningeweza kuwaeleza nilichojibu, ila sikujibu. Nilikohoa.

Mtani ndiye aliyeandika ipcs -s. Kioo kikamwagika mistari 128. Hiyo amri inaonyesha kila ubao uliopo ukutani na jina la mwenye nao, na jina langu lilikuwepo mara 121. Lilishuka kutoka juu hadi chini kama daftari la madeni kwa mangi, na mangi mwenyewe kakaa pembeni yangu anatikisa kichwa. Kila Ctrl+C niliyopiga kwa wiki mbili ilikuwa imeacha ubao. Na seva yetu ni ya kizamani, keneli ya 2.6, mwisho wake ni seti 128 kwa mashine nzima. (Kuanzia keneli 3.19 ya mwaka 2015 kikomo ni 32,000, ningeweza kuchafua mpaka nistaafu.) "Nafasi" iliyokwisha ilikuwa nafasi ya misumari ukutani. Aliyeandika keneli hakuwa na ujumbe wa kosa hilo, akaazima wa diski, na ukurasa wa maelekezo wa semget umeandika wazi kwamba kosa hilo, kwa jina lake la kiprogramu ENOSPC, kwa semget maana yake ni misumari kuisha. Nimeusoma jana usiku. Umetulia sana, unaeleweka sana.

Mngedhani nitaishia hapo. Aibu ikanisukuma nioneshe bidii mbele ya mzee: nikaandika kitanzi cha mstari mmoja kinachopitia orodha ya ipcs na kung'oa kila seti kwa ipcrm. Nikakitupia dirisha lililokuwa karibu, Enter. Dirisha lilikuwa lile la root. Alama mliweka? Kwa akaunti yangu ningeng'oa 121 zangu tu, zile saba zingenikatalia. Saba zilikuwa za PostgreSQL, hifadhidata yenye tiketi zote, ya toleo la zamani linalofunga milango yake kwa semafori hizihizi, na baadhi ya funguo hizo hifadhidata ilikuwa imezishika mkononi muda ule. Ikaanza kulalamika "Identifier removed", yaani ubao umeng'olewa, ikaanguka. Simu kutoka stendi ya Mbezi ikaita kabla sijatoa mkono kwenye kibodi. Wakala alikuwa anaongea na mimi na abiria kwa wakati mmoja na sikuweza kujua tusi lipi ni la nani.

Tuliiwasha upya, ikajitengenezea seti zake yenyewe, dakika kumi na moja jumla, tiketi za katikati zikaandikwa kwa mkono. Programu yangu sasa inaidaka SIGINT, ile ishara inayotumwa na Ctrl+C, na kuita IPC_RMID kabla ya kufa, na inafanya kazi vizuri mno, asanteni kwa kutouliza. Nywila ya root imebadilishwa, sijaambiwa mpya.

Bosi hajapiga kelele. Amesema tu kwamba mama mtu bado hajui, na ni vizuri asijue kabla ya Jumapili. Mpiga video anasema nakala anayo, ila haijahaririwa, saa sita na nusu nzima, na kuihariri tena ni laki moja na nusu. Leo jioni nampelekea Tabata, taslimu. Mtani amejitolea kunisindikiza, anasema lazima ashuhudie Mpare akihesabu noti hizo. Nauli yake nalipa mimi.