Imeli za matapeli hazijibiwi, jamani

Juzi imeli imeingia kwa listi ya wakazi wa mtaa wetu hapa South B, Nairobi, ati mkopo wa haraka bila dhamana, bonyeza hapa, lipa ada ya usajili kwanza. Hizo tumezizoea. Kilichoniudhi ni majibu. Mmoja, "Nitoeni kwa hii listi!" Mwingine, "Mwizi wewe, tunakupeleka DCI, kwa wapelelezi wa polisi." Mwenyekiti naye akajibu kwa ukali kwamba mtaa huu hautaki mikopo, na wote wamejibu listi nzima.

Yule tapeli hasomi matusi yenu. Mara nyingi hata ile anwani ya mtumaji ni ya kughushi, hasira yako inamwangukia mtu asiyejua lolote. Na kama ni yake kweli, umeshamwambia anwani yako iko hai.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili, ukijibu, ile imeli yote inabebwa chini ya jibu lako, linki na kila kitu. Ya kwanza wengi hatukuiona, ilitupwa kwa spamu, kule kwa imeli taka, sasa inarudi ikiwa na jina la mwenyekiti juu, mtu tunayemwamini. Jirani yangu mmoja, mama mstaafu, aliona hilo jina, akateremka moja kwa moja hadi kwa linki, akalipa. Alinionyesha ujumbe wa M-Pesa, simu ikimtetemeka mkononi, akaniuliza, "Kwani si ni mwenyekiti ametuma?" Mimi ningemjibu nini?

Najua kunyamaza kunauma, na ndiyo, kuonya watu ni vizuri. Basi andika imeli mpya, maneno yako, bila ile linki, halafu ile takataka uiripoti kama spamu uifute. Kama ni duka unalolijua linakusumbua na matangazo hiyo ni kesi nyingine, waambie waache, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa hiyo haki, wakikaidi peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Na wanaosimamia listi, imeli ya mtu asiye mwanachama isipite kabla hamjaiangalia.

Mwenyekiti, nakuomba leo, si kesho, tuma imeli safi useme ule mkopo haukutoka kwako. Kuna wazee wengine kwa hiyo listi ambao hawajafungua imeli zao tangu Jumatatu.