Televisheni si picha ya Rais

Ukiingia ofisi yoyote ya serikali hapa nchini, na maduka mengi pia, utaiona picha ya Rais iko juu, karibu na dari, mkono wa mtu haufiki. Hapo ndipo pake. Picha ile haikai ikatazamwa saa mbili mfululizo. Unaiona, unaendelea na shida iliyokuleta. Sasa nielezeni kwa nini TV zetu nazo tunazipeleka hukohuko.

Nasema "zetu" kwa sababu yangu ilikuwa huko. Tulihamia Tabata na TV ya inchi 43 ambayo miguu yake iko mwishoni kabisa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Meza yetu ya zamani, iliyobeba TV ya chogo miaka na miaka bila kulalamika, ikawa fupi: mguu mmoja ukikaa, wa pili unaning'inia. Mke wangu akasema basi itundikwe. Fundi akaja Jumapili asubuhi, drili ndani ya mfuko wa salfeti, akasimama katikati ya sebule akauliza, "Wapi, bosi?"

Nikautazama ukuta. Nikanyoosha mkono. "Hapa." Hakunipinga, na kwa nini anipinge? Nyumba yangu, TV yangu, na shilingi 15,000 yake ipo palepale iwe juu au chini. Alipomaliza, ukingo wa chini wa kioo ulikuwa usawa wa kidevu changu nikiwa nimesimama. Sote tulirudi nyuma hatua mbili tukaisifia. Hilo ndilo kosa lenyewe: tuliisifia tukiwa tumesimama.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga wiki mbili baadaye. Yeye sofa hana habari nazo, anakaa mkekani, mgongo ukutani. Taarifa ya habari haijafika nusu akajishika shingo, akaniita. "Mwanangu, hii tunatazama habari au tunatafuta mwezi umeandama?"

Nikachukua futikamba. Mtu wa kimo cha kawaida akikaa kwenye sofa, macho yake yako sentimita 100 mpaka 110 kutoka sakafuni. Akikaa mkekani, ni 70 na kitu. Katikati ya TV yangu palikuwa kwenye 173. Yaani nilikuwa nawadai watu wa nyumba yangu wainue vichwa kila jioni ili mimi nifurahie ukuta uliopendeza. Tena TV nyingi za bei nafuu ukizitazama kutoka chini rangi hufifia. Nguo nyeusi inakuwa ya kijivu na nyuso zinapauka. Nilikuwa nimeshaanza kulaumu kioo kuwa feki.

Tabia hii tumeitoa wapi? Nina nadharia yangu. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, lakini sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo watu wa rika langu tunaikumbuka siku TV ilipoingia mtaani. Ilikaa kwenye kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya heshima, na watoto wa jirani wamejaa dirishani. Ilikuwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi anakaa juu. Halafu ziliposhuka bei na kuwa nyembamba, tukaigiza tulichokiona baa na kwenye foleni za zahanati, ambako TV iko juu kwa sababu nzuri kabisa: watu wamesimama, wanapita mbele yake, na hakuna anayetaka wateja wabadilishe chaneli. Sebuleni kwako nani amesimama?

Basi nikaamua ishushwe. Hapa ndipo nilipoujua ukuta wangu.

Kwanza niliingia YouTube. Kosa jingine. Wamarekani wengi kuta zao za ndani ni mbao zilizofunikwa na bodi nyembamba, kwa hiyo kila video inakufundisha kutafuta mbao iliyojificha ndani, aghalabu moja kila inchi 16, ndipo utoboe. Nikajikuta nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio limebandikwa, nasikilizia mbao ndani ya nyumba ya tofali. Mke wangu alipita, akanitazama, hakusema kitu.

Ukuta wa kupanga Dar es Salaam ni tofali la saruji la inchi 5, plasta juu yake, rangi juu ya plasta. Tatizo letu ni kwamba anayejenga kwa ajili ya kupangisha hufyatua tofali nyingi mno kwa mfuko mmoja wa saruji. Kwa macho ukuta ni ukuta. Drili ikiingia ndipo unajua. Kwenye ukuta mzuri drili inalia, inakataa, unaisukuma kwa bega, na unga unaotoka ni wa kijivu, laini kama wa ngano. Kwangu iliingia kama kijiko kwenye uji. Kilichotoka kilikuwa mchanga, mchanga mtupu, unamiminika kutoka tunduni mstari mmoja mwembamba, na ulipokoma tundu la milimita 8 lilikuwa limepanuka hadi kidole kinaingia.

Fundi akitoboa ukuta kama huo, mara nyingi anaokota kipande cha mti, anakichonga, anakigongomelea tunduni, kisha anapiga skrubu. Fundi wangu wa kwanza alifanya hivyo kwenye matundu mawili kati ya manne, na mimi nikamwona mjanja. Niliposhusha TV nilikuta vijiti vile vimekauka na kusinyaa. Kimoja nilikivuta kwa vidole viwili kikatoka na skrubu yake kama jino la mtoto. Kilo zangu nane na kitu za TV zilikuwa zimeshikwa na matundu mawili na dua za mama.

Na uzito si hoja, watu wanakosea hapo. Ile ya chogo ya inchi 21 ilikuwa karibu kilo 20. Hii nyembamba mtoto wa darasa la sita anaibeba. Kinachoiangusha ni mchanga. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na haraka, aligonga ukuta mahali sita kabla ya kutoa drili yake ya betri. Akazima swichi kuu pale kwenye LUKU. Akanionyesha soketi na kusema waya wake umepanda moja kwa moja kwenda darini, kwa hiyo mstari ule wote, juu ya soketi na chini yake, hatoboi hata nikimwongeza hela. Akahama sentimita 20 kushoto, mahali tofali lilikuwa gumu kidogo. Akatoboa, akapuliza vumbi lote kwa mpira mwembamba (hatua hii vijana hawana muda nayo), akaingiza vile vidude vya plastiki vinavyotangulia skrubu, virefu, vya kupita plasta na kuingia kwenye tofali lenyewe. Plasta haishiki kitu. Matundu mawili kati ya yale mapya yalilegea, akayajaza saruji, akaniambia nisubiri mpaka kesho. Nikasubiri. Kesho yake akaweka pimamaji juu ya breketi na kunung'unika mpaka povu lilipokaa katikati.

Kuhusu breketi nitasema haraka. Nyuma ya TV kuna matundu manne. Pima umbali wake kabla ya kwenda dukani. Yangu ni milimita 200 kwa 200. Usitie skrubu ndefu kuliko ile inayotakiwa, itachoma ndani. Na nunua ile inayoinama au ya mkono unaovutika, usinunue inayoibana TV ukutani kabisa kwa sababu eti inapendeza. Mimi nilianza na ya kubana. Siku ya kwanza mwanangu amekuja na flashi yenye katuni, tundu la flashi liko nyuma, na kati ya TV na ukuta kuna upana wa vidole viwili. Tulijaribu kwa kijiko. Hatimaye tuliishusha TV nzima ili tuchomeke flashi. Tena nafasi ile mjusi kafiri anaipenda mno, kuna joto, na anatoka usiku kula mbu wanaofuata mwanga. Ukuta chini ya TV utakuambia yupo.

Halafu kuna kichekesho cha meza. Tunatundika TV ili tuokoe nafasi, si ndiyo? King'amuzi kinakaa wapi? Sabufa je? Kwangu meza ile ile fupi imerudi pale pale, chini ya TV, imebeba vyote viwili na waya zinaning'inia mbele yake kama mizizi ya mkoko. Nafasi sijaokoa hata kidogo.

Hata hivyo siirudishi mezani, na sababu ni huyo wa katuni. TV nyembamba kwenye meza, mtoto akishika ukingo kujiinua, inamjia usoni. Ya ukutani, ikishikwa na tofali na si kijiti, haimjii. Ndiyo maana nang'ang'ania ishuke lakini ishikwe vizuri. Mtu akiniambia ameiweka juu kwa kuogopa watoto, nitamuuliza kwanza ameifungaje.

Sasa katikati ya kioo pako kwenye sentimita 100, kimeinamishwa kidogo kuelekea mkekani. Wageni wanaingia wanasema, "Mbona mmeishusha sana?" Nawaambia wakae kwanza.

Matundu manne ya zamani niliyaziba mwenyewe kwa saruji nyeupe, nikapaka rangi. Nilidhani krimu ni krimu. Taa ikiwaka yanaonekana, manne, mraba, juu ya ukuta. Mke wangu ametundika kalenda pale. Inaziba matatu. Mwenye nyumba anakuja kuchukua kodi ya miezi sita mwisho wa mwezi, na tumekubaliana akaribishwe kiti kinachotazama dirishani.